Andikishaneni Hata Mkiwa Ndugu

Kila nikienda nyumbani Machame, Kilimanjaro, hapakosi mtu wa kunivuta pembeni aniulize siri. Wanajua niliingia dini ya Kiyahudi nikiwa London, wanajua mume wangu ni Myahudi wa kuzaliwa, na wengi wamesikia mahubiri au wamesoma vijitabu vinavyoahidi kufundisha namna Wayahudi wanavyotajirika. "Dada, hebu tuambie, wenzetu wanafanyaje na pesa?" Wanauliza kwa heshima, na shida zao ni za kweli, kwa hiyo huwa najibu kwa kirefu.

Mume wangu anafundisha sekondari. Mimi ni muuguzi. Nyumba tunayokaa, kaskazini mwa London, bado tunailipia benki. Mababu wa mume wangu walifika Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 wakitokea Lithuania, wakashona nguo za watu katika vyumba vya kupanga vya Whitechapel. Ukipita mtaa wa Brune, hatua chache kutoka huko, utaona jengo ambalo ukuta wake umechongwa maneno ya jiko la supu kwa maskini wa Kiyahudi, na mwaka wake, 1902. Watu hawajengi jiko la supu mahali pasipo na njaa. Na huo uvumi wa siri ya utajiri una historia chungu. Katika sehemu nyingi za Ulaya ya zamani Myahudi alikatazwa kumiliki shamba na kuingia katika vyama vya mafundi, akaachiwa kazi ya kukopesha, kisha akachukiwa kwa kazi hiyo hiyo. Uingereza iliwafukuza wote mwaka 1290. Ninaposikia mtu wa kwetu anausema uvumi ule kwa nia ya kusifu, bado naumia, maana sifa hiyo na chuki ile vina baba mmoja.

Hata hivyo lipo jambo ambalo nimejifunza humu, na ndilo ninalotaka kuliandika. Dini hii inazungumza sana kuhusu namna ya kuizuia pesa isiile familia. Inazungumza kwa undani, kwa vipimo, kwa hati na mashahidi. Amani ya nyumba, shalom bayit, haiachiwi mapenzi peke yake.

Katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho na mijadala ya marabi, juzuu ya Bava Metzia, ukurasa wa 59, Rav Yehuda anasema mtu awe mwangalifu siku zote nafaka isikosekane nyumbani mwake, kwa kuwa ugomvi hauingii nyumbani ila kwa sababu ya nafaka. Rav Papa anaongeza msemo wa watu wa kawaida wa zama zake huko Babeli: shayiri ikiisha mtungini, ugomvi hubisha hodi na kuingia. Huyu Rav Papa anatajwa kuwa mpika pombe ya tende. Bibi yangu alipika mbege maisha yake yote, kwa hiyo namwamini mpika pombe anayesema habari za mtungi mtupu. Tena ukurasa huo huo unamwambia mwanamume achunge heshima ya mke wake, kwa kuwa baraka ya nyumba inakuja kwa ajili ya mke, na kama mkewe ni mfupi, basi ainame amnong'oneze, amshauri. Nafaka na kunong'onezana vimewekwa pamoja.

Kwetu sisi ugomvi ulibisha hodi mwaka wa kwanza wa ndoa, na uliingia kwa njia ya simu. Mtu yeyote aliyehamia nje anajua ninachokisema. Januari ni ada za shule. Mvua ikianza ni bati. Kuna michango ya harusi, kuna kundi la WhatsApp la msiba, kuna mtoto wa shangazi aliyelazwa hospitali ya KCMC. Nilikuwa natuma kila jambo lilipotokea, kama nilivyolelewa. Mume wangu hakuwahi kupinga kusaidia ndugu. Alichopinga ni kutojua: katikati ya mwezi akaunti inakauka na yeye hajui kwa nini. Tulifika mahali ambapo kila simu kutoka Tanzania ikilia, sura yake inabadilika, na mimi naona sura hiyo kabla sijapokea.

Tukaenda kwa rabi wetu. Nilijiandaa kusikia mahubiri ya uvumilivu. Yeye akavuta karatasi, akauliza mishahara yetu baada ya kodi ni kiasi gani, na mama yangu anaishije.

Akaanza na maaser, yaani sehemu ya kumi ya kipato, ambayo mtu huitenga kwa ajili ya wahitaji. Pesa hiyo ikishatengwa si yako tena, uko kama mtunza ghala tu. Na wahitaji wana utaratibu: maskini wa nyumbani mwako na wa ukoo wako wanatangulia maskini wa mji wako, na wa mji wako wanatangulia wa mji mwingine. Kwa hiyo wadogo zangu, shangazi, mtoto aliyelazwa, wote wana haki katika fungu hilo, na mume wangu hawezi kusema ni hisani yangu kwa watu wangu. Ni wajibu wa nyumba yetu, unaotoka katika mishahara yote miwili.

Hapo nikafurahi, nikasema basi na mama naye tumweke humo. Rabi akatikisa kichwa. Akafungua Kiddushin, juzuu nyingine ya Talmudi, ukurasa wa 32, akatusomea maneno makali: laana na imshukie mtu anayemlisha baba yake zaka ya maskini. Kama mtoto hana kabisa, hilo ni jambo jingine. Mwenye uwezo wa kumtunza mzazi asimtunze kwa pesa ya sadaka, maana ni aibu kwa mzazi kuhesabiwa miongoni mwa ombaomba wa mwanawe. Mama yangu, akasema, awekwe kwenye matumizi ya nyumba, mstari mmoja na umeme na chakula cha watoto. Siku ile mume wangu aliandika jina la mama kwa mkono wake, juu kabisa ya ukurasa, chini ya pesa ya nyumba. Sijui kama nimewahi kumpenda mtu kuliko nilivyompenda dakika ile.

Kisha likaja la mwisho, ambalo sikulitarajia kutoka kwa kiongozi wa dini. Kuna kikomo. Katika karne ya 2 marabi waliokutana Usha, mji wa Galilaya, waliweka kanuni kwamba anayegawa asigawe zaidi ya sehemu moja ya tano ya mali yake, asije yeye mwenyewe akahitaji kusaidiwa na watu. Nilikulia katika kanisa ambalo senti mbili za mjane ndizo zilikuwa kipimo cha kutoa. Sijaja kuupinga mfano ule. Lakini nimewajua wauguzi wenzangu kutoka Kenya, Zimbabwe na kwetu, wanaofanya zamu za usiku juu ya zamu za mchana, wanakopa ili watume, mpaka mwili unagoma. Kuambiwa kwa mamlaka ya dini kwamba kujimaliza kwa ajili ya ndugu si utakatifu, kulinitoa jiwe kifuani.

Tangu hapo tuna daftari. Wapwani wana methali ambayo marehemu baba alipenda kuirudia, mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye hakuwa Mpwani wala Myahudi, alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Daftari letu lina safu ya mama, safu ya maaser, na safu ya kilichobaki. Ombi likija naangalia safu. Kama kimo natuma siku hiyo hiyo na moyo mweupe. Kama hakimo nasema mwezi huu hakuna, mwezi ujao nitakuwa na kiasi fulani. Ndugu walilalamika mwanzoni, kisha wakazoea, na sasa wengine wanapanga mambo yao wakijua mwezi wangu ulivyo. Dada yangu mmoja alisema mume wangu ni bahili na amenibana. Maneno hayo sikuyafikisha kwa mume wangu. Alipouliza dada amesemaje, nilimwambia anatusalimia, na alikuwa ametusalimia kweli. Katika Mwanzo, sura ya 18, Sara anacheka akisema yeye amechakaa na bwana wake ni mzee. Mungu anapomwambia Ibrahimu habari hiyo, anasema Sara amesema "mimi ni mzee", na la uzee wa mume halitajwi. Marabi wakajifunza hapo kwamba hata Mwenyezi Mungu alibadilisha kauli kwa ajili ya amani ya mke na mume.

Ijumaa jioni ina nafasi yake katika mambo haya. Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, inasema kuna mambo matatu mtu anapaswa kuyauliza na kuyasema nyumbani mwake giza linapokaribia kuingia Sabato: mmetoa zaka? mmeandaa eruv? washeni taa. (Eruv ni chakula kinachowekwa kabla ya Sabato kuunganisha nyumba za majirani, ili watu waweze kubeba vitu kati yao.) Swali la kwanza ni la zaka! Halafu Talmudi inaongeza kwamba lazima yasemwe kwa upole, ili yapokelewe. Nimekaa sana na hilo neno la upole. Wao walijua kwamba Ijumaa jioni, watu wamechoka, chakula hakijaiva, ni saa mbaya ya kuuliza habari za pesa, na bado swali halikwepeki, basi wakaiwekea sauti yake. Kwetu watoto ndio wanaodumbukiza sarafu kwenye kisanduku cha tzedaka, yaani sadaka, kabla sijawasha mishumaa. Baada ya mishumaa hakuna anayegusa pesa.

Hakuna anayeigusa na hakuna anayeizungumzia, mpaka nyota tatu zionekane Jumamosi usiku. Kununua, kuuza, kupanga bei, kusema "Jumatatu nitalipa lile deni", vyote vimekatazwa. Marabi wanaegemea Isaya, sura ya 58, inayosema siku hiyo mtu asifuate shughuli zake wala kusema maneno yake. Wengi wanafikiri huu ni mzigo. Mimi ninayefanya kazi hospitalini, ambaye simu yangu wiki nzima ni maombi juu ya maombi, ninaingojea siku hii kwa hamu. London Desemba Sabato inaingia kabla ya saa kumi jioni. Juni inatoka baada ya saa nne usiku, na kwa Moshi hiyo ni saa sita imepita, watu wamelala. Kwa hiyo ombi la Ijumaa usiku linajibiwa Jumapili, na mengi yakifika Jumapili yameshapata ufumbuzi huko huko. Na ikiwa ni uhai wa mtu, Sabato inavunjwa, tena bila kusitasita, ndiyo sheria yenyewe. Mama alipoanguka Jumamosi moja asubuhi, mume wangu ndiye aliyeshika simu, akatuma pesa ya hospitali kabla sijamaliza kuvaa viatu.

Sasa nije kwa kaka yangu, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Kaka alitaka mtaji wa kuku wa mayai. Rabi Musa bin Maimuni, aliyezaliwa Córdoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204, aliipanga sadaka kwa ngazi nane, na ngazi ya juu kuliko zote ni kumpa mtu mkopo, au kushirikiana naye, au kumtafutia kazi, ili asihitaji tena kuomba. Kwa hiyo mkopo wa kuku ulikuwa jambo jema kuliko pesa ya kula, na mimi na mume wangu tulikubaliana bila shida. Riba hatukuiweka. Torati inamkataza Myahudi kumtoza riba Myahudi mwenzake; kaka ni Mlutheri, sheria ingeniruhusu, lakini sikutaka kula riba ya mtoto wa mama yangu. Jirani zetu Wayahudi wana mifuko ya kukopeshana bila riba ambayo wanaiita gemach. Ipo ya pesa, na ipo ya magauni ya harusi, vitanda vya watoto wachanga, hata dawa za usiku. Nikiwaeleza akina mama wa vicoba huko nyumbani huwa hawaamini kwamba mfuko unaweza kuishi miaka bila riba.

Mume wangu alisema jambo moja tu: tuandikishane, na mashahidi wawili.

Nikampigia kaka. Akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo dada umefika Ulaya, sasa tunaandikishana kama watu tusiojuana?"

"Kaka, nisikilize nikusimulie."

Nikamsimulia kisa cha Bava Metzia, ukurasa wa 75. Rav Ashi, mwanazuoni mkubwa, alituma ujumbe kwa Ravina, mkubwa mwenzake, Ijumaa Sabato ikikaribia: nitumie zuz kumi, nimepata kipande cha ardhi cha kununua. Ravina akajibu: leta mashahidi tuandike hati. Rav Ashi akauliza: hata mimi? Ravina akamjibu: wewe hasa, kwa sababu umezama kwenye masomo yako, utasahau, na utaniletea laana.

Kaka akauliza, "Na huyo wa kwanza alikasirika?"

"Kitabu hakisemi. Kinaendelea kusema tu kwamba mtu anayekopesha bila mashahidi ni mmoja wa wale wanaolia na hawajibiwi."

"Kwa nini hajibiwi?"

"Kwa sababu alijitakia. Alimweka mwenzake penye majaribu."

Hii ndiyo fikra iliyonigeuza mimi kabla haijamgeuza kaka. Nilikuwa nikidhani hati inamlinda mkopeshaji asidhulumiwe. Marabi wanaiona pia kama ulinzi wa roho ya mkopaji: mkumbushe, usimwache asahau, usimfanye mwizi kwa uzembe wako. Anayemwamini ndugu yake ndiye anayemwandikia. Kaka alisaini mbele ya mchungaji wake na shangazi yetu, akaniambia karatasi yake ameihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo.

Kuku walikuja, wakaanza kutaga, kisha kideri kikapita kijijini, wakafa karibu wote. Tarehe ya kulipa ikafika na kaka hana kitu. Hapa sheria inageuka upande wa pili, na kwa ukali ule ule. Ukijua mdeni wako hana, umekatazwa kumdai. Umekatazwa hata kupita mbele yake, asije akaona aibu kwa kukuona. Kutoka, sura ya 22, inasema usiwe kwake kama mwenye kumdai, na marabi wakalifikisha neno hilo mpaka kwenye njia mtu anayoipita barabarani. Safari ya Krismasi ilikuwa inakaribia, ukoo mzima unarudi nyumbani Kilimanjaro kama ilivyo desturi, na mimi na watoto tulikuwa tunaenda kumwona mama. Ningempitiaje kaka mbali, wakati milango yetu inatazamana? Mume wangu ndiye aliyepata njia. Alimpigia yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, akamwambia, "Shemeji, safari hii hakuna habari ya pesa. Tunakuja kula." Kaka alikuja siku ya kwanza na mkungu wa ndizi begani. Tulipoondoka tuliandika tarehe nyingine, mashahidi wale wale. Ameshalipa zaidi ya nusu.

Baba mkwe alifariki baada ya hapo. Alikuwa mtu wa sinagogi la zamani, mkali kwa ibada kuliko sisi, mwenye duka la vitambaa ambalo alilifunga alipozeeka. Aliacha watoto watatu: mume wangu ndiye kifungua mimba, kisha wifi yangu, kisha shemeji yangu wa mwisho. Kwa sheria ya Torati ilivyoandikwa, kifungua mimba anapata mafungu mawili, na binti harithi ikiwa wana wa kiume wapo. Mchaga anaposikia hivyo anaona kwao: kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, ni cha wanaume, mwana wa mwisho anabaki na boma la wazazi, na binti anaambiwa kwako ni kwa mumeo.

Kwa siku saba za shiva sikusikia neno moja la mali. Wafiwa wanakaa kwenye viti vifupi, vioo vimefunikwa, watu wanaleta chakula na kusali nao, na shughuli za biashara ni marufuku kwao. Kwetu nimeona vikao vya ukoo vinakaa udongo wa kaburi haujakauka, watu wana uchungu na usingizi hawana, na hapo ndipo wanaulizana nani achukue ng'ombe. Zile siku saba ningezipeleka Machame kesho kama ningeweza.

Baada ya shiva wakili alifungua wosia, na pamoja nao hati nyingine, nyembamba, yenye saini za mashahidi. Baba mkwe alikuwa amekiri humo kwamba anadaiwa na binti yake pesa nyingi sana, deni linaloanza muda mfupi kabla ya kifo chake, na kwamba wanawe wa kiume wanasamehewa deni hilo wakimpa dada yao fungu lake kama wosia unavyosema. Mafungu ya wosia yalikuwa matatu, sawasawa. Hii ni njia ya kale ya Wayahudi wa Ulaya. Baba walikuwa wakimwandikia binti hati kama hiyo anapoolewa, wakati ule kwa nusu ya fungu la mwana wa kiume, na siku hizi marabi wanaitumia ili fungu la binti lilingane na la kaka zake. Torati haikuguswa, na binti hakuachwa mikono mitupu. Wapo wanaoliona jambo hili kama kuzungukazunguka. Mimi naliona kama upendo uliosoma sheria mpaka mwisho.

Kulikuwa na barua pia. Shemeji yangu mdogo alipofilisika miaka ya nyuma, baba alimlipia madeni, na ndugu wengine walijua nusunusu. Barua ilitaja kiasi chote, ikasema kimeshahesabiwa katika fungu lake, asiulizwe tena na mtu. Chini yake alinukuu Talmudi, Shabbat ukurasa wa 10: mtu asimpendelee mwana mmoja kati ya wanawe, kwa kuwa kwa uzito wa sela mbili za kitambaa ambazo Yakobo alimzidishia Yusufu, ndugu zake walimwonea wivu, na mambo yakaenda mpaka baba zetu wakashuka Misri. Muuza vitambaa aliandika hilo. Wifi alilia, shemeji mdogo alilia, na mume wangu, ambaye kwa sheria ya zamani angechukua mafungu mawili, alisema baba amemwepusha na kitu ambacho hakuwahi kukitaka.

Mama yangu alinisikia nikimsimulia dada habari hizi, akaomba nirudie polepole. Dada yangu yule aliyemwita mume wangu bahili aliachika, anapanga chumba Moshi mjini na wanawe wawili. Mama anataka apate sehemu ya kihamba ya kujenga, upande wa mfereji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi, lakini sheria iko Dodoma na mpaka uko kwenye migomba. Kaka wa kuku alikubali haraka. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye boma ni lake kwa mila, hakukubali, na simlaumu. Yeye ndiye anayekaa na mama, anayeamka usiku mama akikohoa. Hilo nalo linahitaji kuandikwa. Nilimwambia hivyo, kwamba utunzaji wake uwekwe kwenye hati kwa kiasi chake, kama baba mkwe alivyoandika madeni aliyoyalipa.

Wazee wa ukoo walikaa mara ya kwanza Desemba iliyopita. Mzee mmoja alileta masale, mmea ambao kwetu ndio unaopandwa mpakani na ndio unaopelekwa kwa mtu unayemwomba radhi, akasema ndugu wakipatana kwanza, kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Hati imeandikwa, mama ameweka dole gumba, kaka amesaini, mimi na dada tumesaini. Nafasi ya mdogo wetu iko wazi bado. Amesema anataka kuisoma na mkewe, na anataka kifungu cha mfereji kirekebishwe ili maji ya zamu yake yasipungue. Ni ombi la haki. Mwenyekiti wa kijiji ameahidi kuja kupima na kamba tutakapokutana tena, na mume wangu ameshakata tiketi.